Muhuri Uliokuja Safi

Saa 4:05 asubuhi. Bariadi, msimu wa pamba, 2004.

Chumba cha nyuma cha duka la madaftari. Mlango umefungwa. Luhaga, bosi wa kundi, hakukaa.

"Kibali chetu cha kughushi kinaingia kwenye seva ya Mwanza. Getini kwa jinari ya Dutwa, kiwanda cha kuchambua pamba, wanakivuta, wanakichapa, lori linatoka na marobota. Hakuna risasi. Mihayo?"

"Programu yangu itakituma."

Mihayo alikuwa fundi wa kompyuta, na majivuno yalimjaa hadi kooni. Lakini leo aliogopa. Dereva wa lori alikuwa Salu, mdogo wake wa tumbo moja, aliyedhani kibali ni halali.

Saa 4:40.

Simu ya Luhaga iliita. Ni Nyanjige, karani wa geti, mtu wao wa ndani.

"Kimefika. Muhuri umeharibika chini, mistari mitupu, kama ka..."

Luhaga akakata. Bastola ikatoka.

"Muhuri umefika umeharibika. Umetuuza?"

"Nimuuze Salu? Una wazimu?"

Mihayo akalinganisha mafaili. Hapa baiti 48,200. Kule Mwanza 48,391. Limenenepa njiani! Programu ilituma picha ya muhuri kana kwamba ni barua, ikachomeka alama kila ilipodhani mstari umeisha. Akaongeza agizo moja: tuma kama lilivyo, usiguse kitu. Akalituma upya.

Saa 4:58.

48,200 huku. 48,200 kule. Mihayo akasikia raha, raha ya kijinga kabisa.

Saa 5:10. Dutwa.

"Mwangaluka, baba," Salu alimsalimu Masunga, mlinzi.

Masunga aliinua karatasi juani. "Hiki kimetoka Mwanza?"

"Ndiyo, baba."

"Mwaka wa pili huu sijaona muhuri wa Mwanza ukafika mzima. Huu wako umepona lini?"

Akachomoa ufunguo wa lori.

Saa 5:14.

Luhaga alisikiliza simu, akaitupa mezani, akatoka. Kufuli likalia kwa nje. Pikipiki ikaondoka.

Mihayo akaiokota simu. Nyanjige alikuwa ananong'ona.

"Nilitaka kuwaambia ni kama kawaida. Vibali vyote huja vimeharibika. Mbona mlinikatia?"

Nyuma ya sauti yake Salu alisikika akipiga kelele, wakimfunga kamba.

"Muulizeni kaka yangu Mihayo! Yuko Bariadi, duka la madaftari. Yeye ndiye kanipa kazi hii. Hajawahi kunidanganya!"