Kufuli Lililokataa Namba Yake

Mwaka ule masika hayakupumzika. Kijiji cha ujamaa kilichokuwa juu ya Lukozi kilikaa ndani ya ukungu kutwa nzima. Nguo hazikukauka. Mahindi darini yaliota kuvu.

Sefania alilima viazi na kabichi. Yeye na mkewe, Efrazia, walikuwa na mtoto mmoja tu, Kristofa. Wiki mbili kabla ya hapo, Efrazia alikuwa amempeleka mtoto Mombo kumsalimia bibi yake. Kule chini mbu ni wengi.

Asubuhi moja Kristofa alikataa uji. Mwili wake ulikuwa wa moto. Akatapika.

"Baba Kristofa, hii ni malaria," alisema Efrazia. "Tusingoje."

Walimbeba mpaka kwa Jenoveva, mhudumu wa afya wa kijiji. Jenoveva alijifunza kazi yake hospitalini. Alitunza sanduku la dawa katika chumba cha nyuma cha ofisi ya kijiji. Lilikuwa sanduku la mbao nzito, lenye mikanda ya chuma. Lilifungwa kwa kufuli la namba.

Kufuli la namba halina ufunguo. Lina magurudumu madogo yenye namba. Ukizipanga namba zake sawasawa mbele ya alama iliyochorwa juu yake, linafunguka. Namba za kufuli hili walizijua watu wawili tu: Jenoveva na mwenyekiti wa kijiji, Mzee Shemdoe.

Jenoveva alimgusa mtoto shingoni. "Anahitaji klorokwini sasa hivi," alisema. "Halafu apelekwe hospitali."

Akapanga namba. Akavuta. Kufuli halikufunguka. Akapanga tena, akavuta kwa nguvu zaidi. Wapi!

"Umesahau namba?" aliuliza Sefania.

"Sijasahau. Juzi nimelifungua kwa namba hizi hizi."

Mzee Shemdoe aliitwa.

"Shikamoo, mwenyekiti," alisema Jenoveva. "Kufuli linakataa."

"Marahaba. Hebu nijaribu."

Mzee alipanga namba mwenyewe. Kufuli likakataa. Akamgeukia Jenoveva.

"Umebadilisha namba?"

"Sijabadilisha, ndugu mwenyekiti."

"Kama si wewe ni nani?" Sefania alidakia. "Dawa zetu unampelekea nani? Sema! Mwizi wewe!"

Machozi yalimtoka Jenoveva. Alichovya kitambaa katika maji, akaanza kumfuta mtoto mwili ili joto lipungue.

Sefania alitoka nje. Akarudi na jiwe kubwa.

"Usipige!" Jenoveva alipiga kelele. "Ndani kuna chupa!"

Lakini Sefania alikuwa amekwisha kupiga. Alipiga tena. Ndani ya sanduku kitu kilivunjika. Maji mekundu yalivuja chini, yakaenea sakafuni.

"Hiyo ilikuwa dawa ya maji ya watoto," alisema Jenoveva taratibu. "Sasa vimebaki vidonge tu."

Sefania aliliweka jiwe chini.

"Mwiteni Abdallah," alisema mwenyekiti. "Na wanaume waje na machela."

Abdallah alikuwa fundi wa baiskeli na cherehani. Siku hiyo alikuwa katika shamba la kijiji pamoja na wanaume wengine, ng'ambo ya bonde. Mvua ilikuwa imechukua daraja la magogo, ikabidi wazunguke mbali. Adhuhuri ilipita. Kristofa aliacha kulia. Macho yake yalianza kuzunguka.

Abdallah alifika, matope mpaka magotini. Hakuligusa kufuli kwanza. Aliinama, akalitazama sanduku.

"Mbao zimevimba kwa unyevu," alisema. "Kifuniko kimeinuka. Kinalivuta kufuli. Likivutwa namna hii halifunguki, hata kwa namba yake. Na nyinyi mkalivuta zaidi. Ndugu Sefania, kalia kifuniko."

Sefania alikikalia. Kifuniko kikashuka. Abdallah alilisukuma kufuli ndani badala ya kulivuta. Magurudumu mawili yakazunguka vizuri. La tatu likagoma.

"Hili limepigwa," alisema Abdallah.

Sefania aliinamisha kichwa.

Abdallah alidondosha mafuta ya taa kidogo. Akalisogeza gurudumu mbele na nyuma, polepole, mpaka likalegea. Akamwambia Jenoveva apange namba mbele ya alama. Kufuli likafunguka.

"Namba ni ile ile," alisema mwenyekiti. "Hakuna aliyebadilisha kitu."

Jenoveva alisaga kidonge katika maji ya sukari. Kristofa alimeza kidogo tu. Wanaume wakambeba kwa machela kuelekea Lushoto.

Hawakufika. Kristofa alikufa njiani, mvua ikinyesha, mkono wake ukiwa katika mkono wa mama yake.

Baada ya maziko, Sefania alikwenda kwa Jenoveva. Alisimama mlangoni.

"Nilikuita mwizi," alisema. "Nisamehe."

"Nimekusamehe, Baba Kristofa."

"Niambie kweli. Angepata dawa asubuhi, angepona?"

"Huenda. Sijui. Hata mimi nililivuta kwa nguvu. Hakuna aliyenifundisha."

Mwenyekiti aliitisha mkutano. Abdallah aliwaonyesha watu kufuli.

"Likikataa namba unayoijua, usilipige, wala usimshuku mwenzako," alisema. "Tazama kama namba zimesimama mbele ya alama. Lisukume ndani, usilivute. Zungusha upya, polepole. Likikataa bado, niiteni mapema, kabla ya jiwe."

"Na wewe ukiwa mbali?" aliuliza Efrazia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema mbele ya watu tangu msiba.

Walizungumza mpaka jioni. Mwishowe waliamua kwamba dawa chache zikae pia kwa mwenyekiti, katika kisanduku kingine, na Jenoveva ndiye atakayezitoa. Abdallah angemfundisha Jenoveva kulisafisha kufuli na kulikausha kila wiki. Sanduku liliinuliwa juu ya mawe, mbali na ukuta wenye maji. Sefania aliomba randa, akaupunguza mwenyewe ukingo wa kifuniko mpaka kikafunga bila kubana.

Vuli ilipokuja, unyevu ulirudi. Mwajuma, jirani yao, alimleta mwanawe akiwa na homa kali. Kufuli lilisita. Jenoveva alikibana kifuniko kwa goti, akalisukuma kufuli, akapanga namba. Likafunguka. Mtoto alimeza dawa yote, akapelekwa hospitali siku ile ile. Alirudi nyumbani mzima.

Efrazia alizipata habari akiwa shambani.

"Twende tukamwone," alimwambia mumewe.

Kwa Mwajuma walimkuta mtoto amekaa mkekani, amekonda, anacheza na magunzi. Efrazia aliomba kumpakata. Mtoto alimwegemea kifuani, akasinzia.

Sefania alisimama mlangoni kusubiri. Jioni iliingia. Mkewe hakuinuka, na hakuna aliyemwambia ainuke.