Mafuta Yaliyoelea Kwenye Beseni

Mwaka ule wa 1913, kila asubuhi Kahonzi alifika mapema kwenye jukwaa la boriti za mikoko lililosimama ndani ya maji, katika mkono wa bahari wa Kilifi. Hapo baba yake, Mramba, na wenzake walikuwa wakitoboa chini ya bahari kutafuta mafuta, kwa gharama ya Bwana Fakhruddin, mwenye duka wa Malindi. Walivuta kamba, wakaiachilia patasi nzito ya chuma itwange mwamba, kisha wakateka tope kwa ndoo nyembamba. Kazi ya Kahonzi, binti wa miaka kumi na miwili, ilikuwa kulikoroga tope lile kwa mkono ndani ya beseni la maji na kutazama kama mafuta yataelea. Alikuwa na jicho kali, naye alilijua hilo vizuri sana.

Miezi minne ilipita bure. Jumatano moja, utando wa mafuta ukaelea. Wanaume waliacha kamba wakakumbatiana, na Bwana Fakhruddin akatokwa na machozi mbele za watu. Hapo hapo Mramba akakubali minazi yake thelathini ikatwe kesho, ili kisima cha pili kitobolewe shambani kwake, kando ya maji. Minazi hiyo ndiyo iliyoilisha nyumba yake.

Kahonzi alifurahi kuliko wote, mpaka alipokwenda kunawa ale. Maji yaliteleza tu juu ya vidole vyake. Alfajiri alikuwa amemsaidia bibi yake kupika mafuta ya nazi kwa ajili ya harusi, kisha akajipaka yaliyobaki mpaka kwenye viwiko. Tope la mikoko, kwa uvundo wake, lilikuwa limeifunika harufu yote ya nazi. Angenyamaza, nani angejua? Aliona aibu, tena aibu kubwa, lakini aliiwazia ile minazi akarudi jukwaani.

"Bwana Fakhruddin, shikamoo," alisema. "Mafuta yale ni yangu. Nilijipaka ya nazi, nikasahau kunawa. Nipeni tope la ndoo ile ile niwaonyeshe."

Mramba alikunja uso, ila tajiri akaruhusu. Kahonzi alijisugua kwa majivu, akanawa mara tatu, akakoroga tope kwenye maji mapya. Hakikuelea kitu. Kisha, bila kuambiwa, akajipaka mafuta ya nazi kidogo, aliyokuja nayo kutoka kwa bibi yake, na kukoroga tena. Utando ukaelea kama ule wa kwanza, na shaka zote zikaishia hapo.

Bwana Fakhruddin alivunjika moyo. Mwishowe alisema kwamba kazi itaendelea palepale walipo, na kwamba beseni lile hatalishika mtu mwingine ila Kahonzi.

Jioni Mramba alipita na bintiye katikati ya minazi, akaangua dafu, akampa anywe.

"Kukosea, mwanangu, hata mimi hukosea," alimwambia. "Lakini ungenyamaza leo, kesho ningeikata yote hii kwa mkono wangu mwenyewe. Ukikosea, sema kabla shoka halijashuka."