Namba Saba Hakuwa Anaigiza

Musonda alitufungia kwa nje.

Kufuli niliisikia kwa masikio yangu. Kwenye skripti mlango ulitakiwa kusukumwa tu...

"Musonda, kufuli ya nini?"

Nikasukuma mlango. Haukusogea.

Naitwa Wivine, wa mtaa wa Naviundu. Sisi watatu, mimi, Léa na Musonda, tulikuwa tunatengeneza filamu kwa simu. Dunia imekwisha, jua limeunguza miji yote. Wakubwa waliobaki, yaani watu wazima, wanawafungia vijana ili wasile chakula. Vijana wanaasi. Musonda ndiye mwongozaji.

Gereza letu: kontena tupu nyuma ya nyumba ya jirani yetu, Mama Kalaba. Mwezi wa kumi, saa saba mchana. Ukigusa ukuta, unatoa mkono haraka.

Na Léa, ambaye huniita yaya, yaani dada mkubwa, ana pumu.

"Yaya Wivine... pumuzi haitoshe."

"Dawa yako iko wapi?"

"Mu sac. Inje." Mkoba wake tuliuacha nje.

Nikapiga chuma kwa ngumi. "Mutufungulie! Tunakufa!"

Nje, nikamsikia Mama Kalaba akicheka. "Leo banalia muzuri kupita jana."

"Mama, usikaribie," Musonda akamjibu. "Iko filme."

Kumbe yuko palepale, hatua tatu kutoka kwangu, anarekodi kwa simu kupitia tundu la kutu ukutani!

Wiki moja kabla, yule mama alisikia tunalia, akaja mbio na mchi wa kutwangia sombe, yale majani ya muhogo, akaharibu picha. Tulimcheka sana. Kisha mimi mwenyewe nikapita nyumba kwa nyumba kuwaambia wasije tena: "Mukisikia tunalia, musikuye."

Mimi mwenyewe, jamani.

"Musonda, Léa anazimia."

"Endelea vile vile. Ile sura ndiyo nilikuwa natafuta."

Léa akateleza hadi chini. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Kila neno nililotaka kupaza, mtaa ulishalisikia kwenye mazoezi.

Isipokuwa jina lake. Kwenye filamu wakubwa wametunyang'anya majina. Léa anaitwa Namba Saba.

"Mama Kalaba, iko Léa! Léa wa Papa Léonard, mutoto wako wa batisimu. Anakufa."

Kicheko kikakatika.

"Leta ufunguo."

"Mama, dakika mbili tu..."

Kofi lile nililisikia kupitia chuma.

Mlango ukafunguka. Mama Kalaba akamkalisha Léa kivulini, nikatoa dawa mkobani, akamwekea mdomoni. Léa akavuta mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu, akaanza kulia kwa sauti, nami nikalia naye.

Sasa nisikilizeni vizuri. Ile video mnayotumiana tangu Jumapili, msichana anapiga ukuta, mwenzake anaanguka, nanyi mkaandika chini "hawa dada wanajua kuigiza"... ndiyo hiyo. Musonda aliikata kabla ya kofi.

Filamu nzima tulisema adui ni wakubwa. Aliyetufungia ana miaka kumi na saba kama mimi. Aliyetufungulia ana wajukuu.

Rafiki akikuomba machozi ya kweli, muulize kwanza ufunguo atabaki nao nani.