Barua Kali na Barua Laini

Ndugu zangu, sikilizeni kisa cha nyumba ya watu wawili tu, mama fundi cherehani na bintiye. Asubuhi mama alishona sare za shule karibu na dirisha, binti akinywa chai kabla ya kwenda kazini.

"Kumbe mtu hulipwa kwa kuuliza maswali?" mama alitania. "Basi jirani yetu angekuwa tajiri!"

Binti alikuwa mdodosaji. Kliniki ya macho ilitaka kujua ni barua gani itawavuta watu waje kupimwa presha ya macho, ugonjwa unaopofusha kimyakimya. Mtafiti wa kliniki akaandika barua mbili. Ile laini ilisema: njoo, macho yako bado yanaweza kulindwa. Ile kali ilisema: usipokuja utapofuka. Kila nyumba isomewe moja, kisha iulizwe: utakwenda?

"Kila mlango chomoa kadi mkobani bila kuangalia," mtafiti alimwonya. "Kadi ndiyo ichague barua. Ukichagua wewe, hatutajua kama watu wamevutwa na barua au ndivyo walivyokuwa tangu mwanzo."

Nyumba ya kwanza kadi ilileta barua kali, na bibi aliyesomewa akaangua kilio. Binti akaona huo ni ukatili. Tangu hapo kadi hazikutoka mkobani. Wazee aliwasomea ile laini, vijana wenye afya na nauli aliwasomea ile kali, na kwenye fomu akaandika kwamba kadi ndiyo iliyoamua. Alijiona mwenye huruma. Na tuseme kweli, kazi nayo iliisha mapema.

Wazee wengi walijibu hawataweza kwenda, magoti yanauma na hakuna wa kuwapeleka. Vijana wakajibu watakwenda. Hesabu ikasema barua kali ndiyo inayovuta watu, na kliniki ikaisambaza mji mzima.

Miezi sita baadaye, mama alijishona kidole kwa cherehani kwa kutoiona sindano. Daktari wa macho akamchunguza, akasema mishipa ya macho imekufa, haitarudi.

"Mama, hukupata barua ya kliniki?"

"Niliipata. Jirani alinisomea. Tayari nilikuwa naona ukungu, nikasema basi, nimeshahukumiwa. Niende kutangaziwa nini? Nikaichana."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungelia, mwanangu."

Binti alikwenda kwa mtafiti akakiri yote.

"Ni nyumba ngapi hukuchomoa kadi?"

"Zote, isipokuwa ya kwanza."

Mtafiti alizisukuma fomu kando. "Na wazee wengine waliojifungia ndani kama mama yako, tutawapata wapi?"

Binti alifukuzwa kazi, lakini hilo ni dogo. Siku hizi humshika mama mkono kumpeleka chooni, na kila jirani anayepita mama humwambia: "Huyu mwanangu ana huruma, hajui kumuumiza mtu." Binti hujibu, "Twende, mama."

FUNZO

Ndugu zangu, anayetaka kujua kama jambo moja linasababisha lingine, asiwapange watu kwa kuwaonea huruma wala kwa uvivu. Bahati nasibu ile ya kadi haikuwa ukatili. Ndiyo iliyokuwa haki ya kila nyumba. Na kama kazi inakuchoma moyo, mwambie aliyekutuma. Usinyamaze ukaandika uongo, kwa kuwa fomu haitasoma huruma yako. Itasoma ulichoandika, na watu watatibiwa kwa hicho.