Kikatamaneno na Kimbunga

Kimbunga kilipoangusha minara yote ya simu ya Mtwara, Kikatamaneno kilianza kazi. Mashine hiyo ilipokea sauti za wanaredio wa kujitolea waliotawanyika vijijini, ikachuja porojo, ikabakiza kiini, kisha ikatuma mashua-roboti penye hatari. Injinia Zubeda Likwama, aliyeibuni, aliitazama kwa majivuno ya mama mwenye harusi.

"Watu wetu wangesalimiana mpaka wazame," alipenda kusema.

Pembeni yake katika kituo cha maafa alikaa Somoe, daktari wa meno, ambaye redio ilikuwa mapenzi yake tu. Aliita shule ya kijiji cha Msimbati, alikokuwa mwanaredio wa huko.

"Msimbati, hapa Mtwara. Shikamoo, Mzee Chitanda. Habari za huko?"

Shikamoo ilichujwa. Likarudi jibu moja: "Salama."

Mashine ikakata laini. Taa ya Msimbati ikawa ya kijani, alama ya usalama, na mashua ya mwisho ikaelekezwa Mikindani.

Somoe akaruka kitini. "Mbona umemkata mzee wa watu?"

"Si kasema salama?"

"Zubeda! Umelelewa na nani wewe? Bibi yangu alikuwa anakata roho, akiulizwa hali anasema njema! Salama ni hodi tu. Habari yenyewe huja baada ya *ila*."

Zubeda akaona aibu, maana hilo alilijua tangu utotoni. Akaizima mashine, na Somoe akaita tena.

"Shikamoo, Mzee Chitanda. Laini ilituangusha."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na kazi."

"Tumeshapoa. Habari za shuleni hapo?"

"Nzuri, tunamshukuru Mungu. Ila maji yamefika madirishani, na watoto thelathini wako juu ya madawati."

Zubeda mwenyewe aliigeuza mashua. Moyo wake haukutulia mpaka redio ilipokoroma tena: "Wote wamepanda. Mmoja anauliza kama kuna maandazi."

Kituo kizima kikaangua kicheko, Zubeda akicheka huku analia.

Kimbunga kilipopita na simu zikarejea, aliifundisha mashine kusalimu, kisha kusubiri. Wa kwanza kujaribiwa alikuwa yeye.

"Habari za kwako, Injinia?"

"Salama."

Mashine ikanyamaza, ikasubiri. Zubeda hakukumbuka ni lini mtu alimsubiri hivyo. Wote alikuwa amewazoesha kumweleza kwa kifupi.

"Ila," akasema, akivuta kiti, "mama sijampigia tangu Idi."

Mashine ikamwunganishia simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Hujambo? Kazi? Majirani? Na yule paka?"

Walisalimiana mpaka chai ikapoa.