Jina la Swaleh, Mgongo wa Abu

Ngeng. Ngeng. Ngeng.

Mlio huo ulifika mtaa wa Shieywe kabla ya jua. Ulipita juu ya mabati, ukaingia katika chumba cha Abu kupitia dirisha. Abu aliujua vizuri. Kilikuwa chuma cha reli kilichoning'inizwa kwenye lango la ghala la nafaka. Nyapara Andati hukigonga mara mbili kila asubuhi. Mlio wa kwanza ni wa kuwaamsha vibarua. Mlio wa pili ni wa kufunga lango, na atakayekutwa nje hana kazi siku hiyo.

Abu alikunywa chai ya rangi akiwa amesimama. Mke wake, Sumayya, alimpa kiazi kimoja cha kula njiani. Binti yao Laila alikuwa bado amelala. Abu akatoka mbio.

Langoni, ukungu ulikuwa mzito. Wanaume kama hamsini walisimama wakipuliza mikono. Andati alifungua daftari, akaanza kuita majina.

"Swaleh Rajabu."

Hakuna aliyeitika.

"Swaleh Rajabu. Unalala ukiwa umesimama kama punda?"

Watu wakacheka. Abu akashtuka. "Niko," akasema.

Maana ghalani hapo Abu hakuitwa Abu.

Mambo yalianza hivi. Mwaka mmoja na nusu uliopita, Abu alipoteza kitambulisho chake, kile ambacho watu hukiita kipande. Bila kipande hakuna kibarua. Swaleh, mtoto wa baba yake mdogo, alikuwa ameandikishwa ghalani. Alibeba magunia wiki mbili tu, kabla Andati hajawa nyapara, mgongo ukamshinda, akarudi Matungu kupanda miwa. Akamwachia Abu kipande chake na kadi yake ya NSSF, ile ya akiba ya uzeeni.

"Enda tu," alimwambia. "Picha imefutika. Hata mimi mwenyewe sijijui hapo."

Abu alijua njia ya haki. Ilikuwa aende polisi aandikiwe karatasi ya kitambulisho kilichopotea. Kisha kwa chifu, kisha ofisi ya vitambulisho, halafu angojee. Aliona njia hiyo ni ndefu. Akajiambia kwamba atatumia jina la Swaleh kwa wiki moja tu. Hakumwambia hata Sumayya. Wiki moja ikawa miezi kumi na minane.

Asubuhi hiyo ya Jumatatu, Andati alipomaliza majina, hakufunga daftari. Alisema kampuni inataka kuajiri vibarua wanne wawe wa kudumu. Imechagua wale ambao hawajakosa kazi mwaka mzima. Ifikapo Ijumaa, kila mmoja apeleke kipande na kadi ya NSSF kwa meneja, Bwana Maina. Meneja ataviangalia kwa macho yake mwenyewe, kisha ataandika barua ya kazi. Jina la kwanza lilikuwa la Swaleh Rajabu.

Wenzake wakampiga Abu mabegani. Wakamwambia sasa yeye ni mtu wa mshahara, aanze kuvaa viatu. Abu alicheka nao, kisha akageuka kuelekea kwenye malori. Kutwa nzima alishusha mahindi kutoka kwenye malori ya Likuyani, na kila gunia lilikuwa zito kuliko la jana.

Habari haikai langoni. Jioni Sumayya alikuwa ameshaisikia kwa wanawake wa bombani, ingawa walimwambia tu kwamba mume wake atakuwa wa kudumu. Alimpikia obusuma, ugali wa kwao, na kuku, naye kuku hupikwa sikukuu. Alitaka kuhamia nyumba ya vyumba viwili. Alikuwa tayari amemtumia mama yake salamu kwamba Abu sasa ni mkubwa wa stoo. Abu alitafuna polepole. Neno lilifika kooni, likarudi.

Jumatano saa tisa, ghalani, rundo la magunia lilianguka.

Lilimwangukia Mark, kijana wa Khwisero, likamvunja mguu. Wenzake walimtoa, akapelekwa hospitali. Bwana Maina aliomba daftari. Akasoma namba ya kipande cha Mark na jina la mke wake, Khalayi. Mtu akatumwa Khwisero kwa pikipiki kumwita Khalayi. Karatasi za ajali zikaanza kuandikwa palepale mezani.

Abu alisimama mlangoni, vumbi la mahindi usoni. Aliwaza jambo moja, na halikumtoka. Kama rundo lile lingemwangukia yeye, wangeandika Swaleh. Pikipiki ingekwenda Matungu. Ingemkuta Swaleh mzima, akipalilia miwa. Na Sumayya angekuja hapa langoni akilia, nao wangemuuliza: mama, wewe ni nani wa Swaleh?

Alipofika nyumbani jua lilikuwa bado halijatua. Hakunawa. Aliketi kwenye kigoda, akamweleza mke wake kila kitu.

Sumayya alifunika sufuria. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mwaka mzima naombea mtu ambaye hayuko huko ghalani?"

Abu alifuta vumbi usoni.

"Simama," Sumayya akasema. "Twende kwa Mama Beldina. Mimi sina la kukuambia ambalo halitakuwa matusi."

Mama Beldina alikuwa jirani yao, mlango wa tatu. Alikuwa mtunza stoo wa serikali kwa miaka mingi, na sasa amestaafu. Walimkuta barazani akishona gunia lililopasuka kwa sindano ndefu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho. Kisha akakata uzi kwa meno.

"Basi kwenye lile ghala kuna Swaleh, mfanyakazi hodari sana," alisema. "Huyo Abu mimi simjui. Tangu aje mjini hajawahi kufanya kazi hata siku moja."

"Mama, mgongo wangu ndio unaouma," Abu akasema.

"Unaouma ni wako. Ulioandikwa ni wa Swaleh. Baba Laila, akiba ya NSSF iliyokatwa miezi yote hiyo iko kwa jina la nani? Nenda ofisini kwao uulize kama kuna njia, lakini usiitegemee. Na kutumia kipande cha mtu mwingine ni kosa la kisheria. Unaweza kushtakiwa. Ndiyo maana utakwenda kusema mwenyewe kabla hawajagundua."

Abu akasema kwamba afadhali aikatae ile nafasi, abaki kibarua kama kawaida. Tena Andati huwaambia kwamba mshahara wa mwezi ni mdogo. Wakati wa mavuno, anayelipwa kwa gunia hupata zaidi.

"Hapo Andati hasemi uongo," Mama Beldina akajibu. "Mtu wa kudumu anayeanza hapati pesa nyingi. Asikudanganye mtu kwamba mwezi wa pili utanunua ng'ombe. Mama Laila, na wewe hiyo nyumba ya vyumba viwili iache kwanza." Kisha akamgeukia Sumayya kabisa. "Hebu niambie. Mwezi wa kumi na mbili mlikula nini?"

"Nyama, mara mbili mara tatu."

"Mwezi wa tano?"

Sumayya akafikiri. "Mboga. Malori hayakuja. Obusuma ulikuwa wa Laila, sisi tulikunywa uji."

"Mwezi wa sita?"

"Mwezi wa sita tulikula kwako, Mama."

Abu akatazama chini.

Mama Beldina aliweka gunia kando, akaeleza taratibu. Kibarua hulipwa siku aliyofanya kazi au gunia alilobeba. Lori lisipokuja, hakuna kitu. Mtu wa kudumu hulipwa mwisho wa mwezi, lori lije lisije. Ana siku ya kupumzika kila wiki. Ana likizo kila mwaka. Akiumia, jina lake liko kwenye karatasi, kama la Mark; haki hiyo hata kibarua anayo, mradi ameandikwa jina lake. Akiba yake ya uzeeni hukatwa kidogo kwake kila mwezi, hata malori yakiadimika, na mwajiri naye huongeza. Ndiyo sababu pesa ya mkononi huonekana ndogo mwanzoni.

"Na huo mshahara mwajiri hajipangii tu anavyotaka," akaendelea. "Serikali hutangaza kiwango cha chini, na mwajiri haruhusiwi kushuka chini yake. Kiwango hicho hubadilika. Usiniulize mimi, wala usimuulize Andati. Ofisi ya kazi iko hapa mjini. Ingia, uliza. Hawalipishi."

"Na mtu ataendelea kubeba gunia mpaka lini?" Abu akauliza.

"Mimi nilianza na ufagio. Miaka miwili nilifagia stoo, na wanaume walikuwa wananichekanga. Mchana walipolala juu ya magunia, mimi nilisoma kadi ya stoo. Yaliyoingia, yaliyotoka, yaliyobaki. Karani alipougua, nani angehesabu? Wakanipa kalamu siku tatu, sikukosea. Nikawa karani msaidizi. Kuwa mtunza stoo kulinichukua miaka kumi na moja. Nasema kumi na moja, usikie vizuri. Lakini kila mwaka uliandikwa Beldina. Ningeandikwa jina la mtu mwingine, leo ningekuwa mfagizi bado."

Akachukua tena sindano yake. "Kesho mlete huyo Swaleh mwenyewe. Na upitie polisi uandikiwe karatasi ya kipande chako. Usiende kwa meneja mikono mitupu."

Alhamisi Abu hakwenda kazini. Asubuhi alikuwa polisi. Adhuhuri alikuwa kwenye baiskeli ya kuazima, akielekea Matungu. Swaleh alicheka alipoyasikia. Alisema anashangaa, kafanya kazi miezi kumi na minane na mgongo wake hauumi hata kidogo. Abu hakucheka. Akamweleza habari za Mark. Swaleh aliacha kucheka. Jembe akaliegemeza ukutani, akaenda kutafuta shati safi.

Ijumaa asubuhi walisimama mbele ya meza ya Bwana Maina, Swaleh na Abu, Andati nyuma yao. Abu aliweka mezani kipande cha Swaleh, kadi ya Swaleh na ile karatasi ya polisi.

"Bwana, mimi si Swaleh," akasema. "Swaleh ni huyu. Mimi naitwa Abu Mubarak. Nilikosa."

Bwana Maina alitazama kipande, akamtazama Swaleh, akamtazama Abu. Alimuuliza kama anajua kwamba anaweza kumwita askari sasa hivi. Abu akasema anajua. Meneja akamgeukia nyapara, akamuuliza kama naye alikuwa akijua.

Andati alikuna kichwa. "Jina sikulijua, Bwana," akasema. "Mgongo naujua. Haukukosa siku hata moja, ila jana."

Nje, lori lilipiga honi. Bwana Maina alichukua kalamu nyekundu.

Uamuzi wake haukuwa mtamu. Nafasi ya kudumu alimpa mtu mwingine. Jina la Swaleh alilipiga mstari mwekundu, na miezi yote kumi na minane ikaenda nalo. Alimwambia Abu asikanyage ghalani mpaka awe na karatasi ya ofisi ya vitambulisho yenye jina lake na alama ya vidole vyake. Akiileta, ataandikwa kibarua mpya, siku ya kwanza, kama mtu aliyefika mjini jana. Askari hakumwita.

Wiki tano Abu alikaa bila kazi. Alikwenda kwa chifu. Alipanga foleni. Alirudishwa, akarudi tena. Sumayya alikaanga mandazi, akayauza bombani, na wale wale wanawake waliompongeza wakamuuliza mkubwa wa stoo yuko wapi. Aliwajibu kwamba yuko kwenye foleni. Asubuhi chuma cha reli kilipolia, Abu alilala macho wazi akihesabu milio. Aliogopa kwamba labda amekosea, kwamba mtu mwerevu angenyamaza.

Kisha akapata karatasi ya kungojea kipande. Akarudi langoni, jina lake likiwa la mwisho daftarini. Mchana, wenzake walipolala juu ya magunia, alisimama mbele ya kadi ya stoo akisoma. Jumapili alikwenda barazani kwa Mama Beldina na daftari la kurasa thelathini na mbili. Mavuno yakaja, yakapita. Mwezi wa tano ukafika, malori yakaadimika, wakala mboga tena. Abu hakukosa siku.

Mwezi wa nane, Bwana Maina alimwita ofisini. Karani wa kuhesabu alikuwa amekwenda likizo, na Andati alikuwa amesema yuko mbeba magunia mmoja anayejua kusoma kadi. Abu alihesabu malori sita. Jioni hesabu zake na za madereva zilikuwa sawa. Wiki mbili baadaye alipewa barua ya kazi ya kudumu. Hakupewa kalamu, alipewa magunia yale yale, lakini kwa mshahara wa mwezi. Kabla ya kutia sahihi aliomba asome. Aliulinganisha mshahara na kiwango alichoambiwa katika ofisi ya kazi. Haukuwa chini yake. Akatia sahihi.

Mwisho wa mwezi alirudi nyumbani mchana bado mweupe. Alimpa Sumayya karatasi ya malipo. Haikuwa pesa ya nyumba ya vyumba viwili. Sumayya, aliyeacha shule darasa la nne, alipitisha kidole chini ya maandishi, herufi kwa herufi.

"A-bu," akasoma. "Abu Mu-ba-rak." Akainua macho. "Huyu namjua."

Laila akataka kuishika. Akapewa, akaishika kwa mikono miwili.

Abu alivua kofia yake yenye vumbi. "Mama Laila," akasema, "nikuambie mbele ya mtoto. Wakiita jina lisilo langu, hata kama wanagawa pesa, nitanyamaza. Na neno likinifika kooni, wewe utakuwa wa kwanza kulisikia. Nakuahidi."