Waya Ulionukia Udi

Sanduku la miwani lilikuwa wazi mezani, na waya haumo.

"Mwizi yuko jikoni," alisema Aflah, mchoraji ramani za majumba, hata kabla Inspekta Khalil hajamaliza kuvua viatu. "Restituta, mfanyakazi wetu. Tiketi ya kumrudisha Tanzania nshakata. Wewe niandikie tu kwamba kaiba."

Khalil, mzaliwa wa Muscat kwa wazazi wa Unguja, hakupenda kabisa kukabidhiwa mwizi kabla ya ushahidi. Aliinama kuitazama ile miwani ya uhalisia pepe, ambayo Aflah huwavika wateja ili watembee ndani ya nyumba isiyojengwa bado.

"Kachukua waya, miwani kaiacha?"

"Waya ndiyo roho yake! Ukikunjwa vibaya tu umekufa. Huu wa tatu, na kiwanda kimeacha kuutengeneza. Niliupata kwa bei ya kuruka. Kesho wateja wanakuja hapa, wallahi sijui nitawaonyesha nini! Na binamu yake huyo ni fundi simu hapa mjini, sokoni Matrah. Anajua pa kuuuza."

Khalil alimkuta Restituta jikoni kando ya jokofu, macho yamemvimba.

"Uliugusa?"

"Hapana, afande. Hata kuupangusa vumbi nimekatazwa."

"Binamu yako amewahi kufika hapa?"

"Hata geti halijui. Afande, nikirudishwa kwa wizi nani ataniajiri tena? Wanangu wanasoma kwa mshahara huu."

Khalil alirudi kwenye miwani, Restituta akimfuata, akaiinua, akainusa. Sifongo inayokaa usoni ilinukia udi. Hayakuwa manukato ya mtu, ulikuwa moshi, na ndani yake mlikuwa na harufu ya plastiki iliyoungua.

"Nani hufukiza nguo humu ndani?" alimuuliza Restituta.

"Mimi nafua na kupiga pasi. Kufukiza ni kazi ya Bi Mkubwa mwenyewe. Chetezo chake cha kuchomea udi hakiguswi na mtu."

Bi Kheiria, mama yake Aflah, alimkaribisha chumbani kwa kahawa na tende. Khalil alikunywa, maana kukataa kungekuwa utovu wa adabu. Kisha akapiga magoti penye kitenga cha fito, kile cha kutandazia nguo juu ya chetezo. Kwenye ufito mmoja palikuwa na tone jeusi lililoganda. Alilibandua taratibu, akalitia kwenye mfuko wa vielelezo.

"Huu si ubani, Bi Kheiria."

"Mwanangu, mimi mtu mzima, nijue nini..."

"Waya uko wapi?"

Bi Kheiria aliweka kikombe chini.

"Sandukuni mwangu, chini ya kanga. Nlisema, wageni wavishwe kichwani kitu kinanuka jasho la watu? Aibu gani hiyo nyumbani mwetu! Nikakifukiza kama nguo. Ule waya ukateleza, ukaangukia makaa."

"Kwa nini hukuniambia?" Aflah alikuwa amesimama mlangoni, rangi imempotea.

"Nilipounguza zulia uliapa, nikiunguza tena utaninyang'anya chetezo, uniwekee mtu wa kunichunga kama mtoto mchanga. Nliogopa."

"Na Restituta je?" Khalil aliuliza.

Bi Kheiria hakuinua uso. "Nlijiambia, yeye ana kwao pa kurudi. Mimi nna pa kwenda wapi?"

Aflah akaita kwa sauti ya mtu anayetaka mambo yaishe upesi. "Restituta! Khalas, yamekwisha. Endelea na kazi."

Restituta alikuwa nyuma yake muda wote, amesikia kila neno. Aliingia, akasimama mbele ya yule bibi ambaye yeye Restituta humwosha miguu kila asubuhi.

"Ungeniambia tu, Bi Mkubwa. Ningesema nimeunguza mimi. Ningekemewa, basi."

Bi Kheiria alijifunika uso kwa mtandio, akalia.

Restituta alimtazama kidogo. Kisha akamgeukia Aflah, akamwomba amrudishie pasi yake ya kusafiria.